Tulimhesabu Shunpei

Asubuhi ile dada yangu Chizuru alikuwa akiondoa theluji mlangoni. Mumewe, Shunpei, alikuwa ameshapanda mlimani kuipima theluji, kama alivyofanya kila baada ya dhoruba, ili wageni wanaokuja kuteleza thelujini waambiwe wapite wapi. Bakuli lake la supu lilikuwa bado mezani. Saa tatu tukasikia mngurumo mzito, mfupi, kisha kimya.

Chizuru aliegemeza sepeto ukutani, taratibu. "Ni korongoni," alisema. "Ndiko alikokwenda."

Tulikusanyika upesi. Mjomba Genzo, aliyewinda dubu kule juu tangu ujana wake, akatuhesabu. Akarudia. Tulikuwa kumi na wawili.

Kwetu watu kumi na wawili hawaingii mlimani. Idadi hiyo ni ya Mama wa Mlima. Mkijikuta kumi na wawili, mnachonga kinyago cha mtu, mnakipa jina, kinakuwa wa kumi na tatu. Jioni mnashuka, mnamwachia Mama kinyago hicho, kiwe chake.

"Nipeni ukuni mmoja nichonge," mjomba alisema.

"Na pua utamchongea, mzee?" Mikami, jirani yetu, alitania. "Mtu yuko chini ya theluji. Twende."

Mjomba alimtazama Chizuru. Nusu saa ikipita, huwa tunatafuta maiti; hilo hata watoto wetu wanalijua. Akarudisha kisu alani.

"Basi wa kumi na tatu ni Shunpei," alisema. "Yeye yuko huko tayari."

Simlaumu. Hakuna aliyepinga, hata mimi.

Korongoni, nusu ya mteremko ilikuwa imeporomoka. Nusu nyingine ilikuwa bado juu yetu. Mjomba alichimba kando, akakata nguzo ndogo ya theluji kuijaribu, akaigonga kwa kiganja. Pigo la tatu, bamba zima la juu ya nguzo likateleza juu ya chembe zilizolegea kama sukari.

"Mmoja mmoja," alinong'ona. "Na asiitwe mtu kwa jina."

Nilitangulia. Kifaa changu cha kutafutia waliofukiwa kilinasa ishara ya kile alichovaa Shunpei kifuani. Mita tisa. Nne. Mbili.

Kisha sita.

Nilikuwa nimesimama. Sikuwa nimeinua mguu. Nane. Kumi na moja. Ishara ilikuwa inapanda mlima.

"Anavutwa," Mikami alisema nyuma yangu. Hakutania tena.

Tuliifuata. Theluji ikaguna chini ya miguu yetu. Tukaganda. Haikushuka. Ishara nayo ikatulia. Nikachomeka fimbo ya chuma, ikagota kitu laini.

Tulichimba. Shunpei alikuwa wima, macho wazi, mkono mmoja umenyooka chini, kama mtu anayeshikwa mkono njiani. Alikuwa hai. Mbele ya mdomo wake palikuwa na nafasi ya kupumulia, imekwanguliwa vizuri. Tulimvuta, hakutoka. Tulimvuta watu sita. Kitu kilichokuwa chini kikamwachia.

"Ameniuliza kwa nini nakataa kwenda naye," Shunpei alisema. "Amesema ninyi ndio mlionitoa kwake."

Mjomba akaketi kwenye theluji.

Hospitali haikuona jeraha, ila alama tano nyeupe kwenye kifundo cha mkono. Ni miaka saba sasa. Kila mwaka mjomba huchonga kinyago akakipeleka korongoni. Sijui kama kinapokewa.

Theluji ya kwanza ikianguka, Shunpei hutoka uani akiwa na fulana tu. Usoni mwake theluji huyeyuka, kama kwa mtu yeyote. Mwaka ule wa kwanza haikuyeyuka kwenye zile alama tu.

Jana Chizuru alimpangusa theluji isiyoyeyuka kwa taulo, kuanzia vidoleni. Alifika kwenye kiwiko. Alifika begani. Kisha akamvua fulana, akaendelea kifuani.