Onyo la Tatu

Kila asubuhi, kabla ya kupiga mswaki, Kalamu alichukua simu ya mama yake akakagua ujumbe wa wanafunzi wenzake. Jina hilo la Kalamu alipewa shuleni kwa sababu hakukosa kuwa na kalamu nyuma ya sikio. Mkutubi wa shule alikuwa ameanzisha jukwaa la darasa la saba mtandaoni ili wanafunzi wasaidiane masomo na wapate matangazo, naye alimteua Kalamu kuwa msimamizi. Kanuni zilikuwa chache. Atakayemtukana mwenzake ataonywa, na onyo la tatu litamtoa jukwaani kwa majuma mawili. Maonyo yote yaliandikwa katika daftari, kwa wino mwekundu.

"Chai inapoa, mheshimiwa hakimu," mama yake alimtania.

"Nakuja, mama. Kuna watu hapa hawana adabu."

Mtu aliyemaanisha alikuwa mmoja tu, binti wa fundi viatu. Msichana huyo alikaa dawati la mwisho, na katika hisabati hakuwa na mpinzani. Aliandika kwa ufupi, maneno makavu, bila salamu wala mapambo. Chiriku, rafiki wa Kalamu tangu darasa la kwanza, aliandika mengi, na kila sentensi aliifunga kwa vile vikatuni vidogo vya nyuso zinazocheka. Kalamu alijiwekea kipimo chake mwenyewe, asichomwambia mtu: palipo na uso unaocheka ni utani, pasipo na uso ni ugomvi.

Jumatatu moja asubuhi lilizuka zogo juu ya hesabu ya sehemu. Chiriku aliandika, "Jibu lako linanuka gundi ya viatu, tufungulieni madirisha," akaweka nyuso tano zinazocheka. Binti wa fundi akajibu, "Jibu lako limekosewa mstari wa pili. Soma kwanza, ndipo uropoke."

Kalamu alicheka la kwanza, akalifuta la pili. Akafungua daftari, akaandika onyo la tatu la binti wa fundi, maana mawili alikuwa amekwisha kumpa, na kwa kidole kimoja akamtoa jukwaani.

Wakati wa mapumziko, binti wa fundi alimfuata kwenye ngazi.

"Mwenzangu, nimekosa nini?"

"Umemwambia mtu anaropoka. Kanuni ni kanuni."

"Na yeye aliyesema nanuka?"

"Aa, yule alikuwa anatania. Nawe usiwe mwepesi wa kununa."

"Mbona mimi niliyetaniwa sikuulizwa kama ni utani?"

Kalamu alipatwa na haraka ghafla. Alisema kengele inakaribia kulia, akaondoka.

Juma hilo mkutubi alikuwa safarini kwa mafunzo. Jumatano alituma tangazo jukwaani: fomu za mtihani wa kuingia shule ya bweni ya sayansi zipo kwa karani wa shule, na zirudishwe ofisi ya elimu kabla ya Ijumaa saa kumi. Waliofaulu mtihani huo wangesoma miaka minne bila kulipa chochote. Watoto saba walichukua fomu. Alhamisi, Kalamu alimkuta binti wa fundi bombani akinawa mikono. Ilimjia kwamba huyu hajaliona tangazo. Alifungua kinywa. Lakini Chiriku alikuwa amemshika Kalamu mkono, anamsimulia jambo la kuchekesha, nao wakapita.

Jumatatu iliyofuata mkutubi aliingia darasani na orodha ya waliorudisha fomu.

"Fomu yako siioni hapa," alimwambia binti wa fundi. "Uliipeleka mwenyewe?"

"Fomu gani, mwalimu?"

Chiriku alinong'ona, "Mimi nilidhani anajua."

Mkutubi hakugomba. Alasiri alimwita Kalamu maktabani, akamwekea mezani karatasi nne alizochapisha kutoka jukwaani, pamoja na ujumbe uliokuwa umefutwa, kwa maana wanafunzi kadhaa walikuwa bado nao katika simu za wazazi. Majina yote alikuwa ameyakata kwa wembe. Nyuso zinazocheka hazikuwemo, kwa kuwa mashine kuukuu ya kuchapia ya maktaba ilichapa herufi tu.

"Pigia mstari kila panapostahili onyo," alisema. "Usikisie aliyeandika ni nani. Soma neno."

Kalamu alisoma. Bila nyuso, maneno yale yalikuwa na meno. Alipiga mistari tisa. Mkutubi akatoa vipande vya majina, akavirudisha kimoja kimoja katika matundu yake. Minane ilikuwa ya Chiriku. Mmoja ulikuwa wa binti wa fundi, ule wa kuropoka.

"Katika daftari lako, Chiriku ana maonyo mangapi?"

"Hana, mwalimu."

Kesho yake wakaenda ofisi ya elimu: mkutubi, Kalamu, binti wa fundi na baba yake, ambaye alikuwa amefunga kibanda chake na kuvaa shati la kwenda nalo mbele za watu. Kalamu alieleza kosa lake mwenyewe, amesimama, bila kuficha hata lile la bombani. Karani wa ofisi hiyo alimsikiliza hadi mwisho.

"Mwanangu, umesema kweli, na nimekuamini," alisema. "Lakini orodha ilitumwa makao makuu Ijumaa ileile. Namba za mtihani zimekwisha kutolewa."

"Hata nafasi moja, ndugu yangu?" fundi aliuliza. "Huyu mtoto anaiweza hiyo kazi."

"Mzee wangu, ningekuwa nayo ningekupa. Sina."

"Basi mwakani."

"Mtihani huu ni wa darasa la saba tu, mzee."

Fundi alishukuru, maana alikuwa mtu wa kushukuru. Binti yake alitazama sakafu.

Nje, Kalamu alimsogelea. "Nisamehe. Nilikuonea, na nilijua kwamba hujui."

"Nimekusikia," mwenzake akasema, akaenda kutembea upande wa pili wa baba yake.

Njiani kurudi, Kalamu aliomba kuvuliwa usimamizi.

"Hapana," mkutubi alisema. "Ukivuliwa utapumzika, na bado hujastahili kupumzika. Kuanzia leo mtakuwa wasimamizi wawili. Mzozo ukimhusu rafiki yako, atausoma mwingine. Anayeonywa ataelezwa sababu, naye atasikilizwa kabla ya kutolewa. Na tangazo lolote litabandikwa ukutani pia."

Kisha akasimama katikati ya njia, akamtazama usoni.

"Ulikuwa na kanuni nzuri, na daftari safi. Havikutosha. Wewe ulimpima mtu ukadhani unapima neno. Anayemhukumu mwenzake hana budi kumchunguza zaidi yule anayempenda, kwa sababu huyo ndiye atakayempofusha. Litunze hilo. Limegharimu sana, na aliyelipa si wewe."

Jukwaa lilitengemaa. Chiriku alipata onyo lake la kwanza, akanuna siku tatu, kisha akajifunza kuandika kwa adabu. Binti wa fundi alikuwa amerudishwa siku ileile ya safari ya ofisi ya elimu. Swali gumu la hisabati lilipotumwa, watoto walingoja, maana wote walijua ni nani mwenye jibu. Alama ndogo chini ya swali ilionyesha kwamba binti wa fundi amelisoma. Kalamu aliishika simu hadi mama yake akaidai aende nayo kazini, na jibu halikuja, siku hiyo wala muhula ule wote.