Nzi wa Uzi Mwekundu

Kariuki alinituma chupa ya chai tu. Jua lilikuwa linazama nyuma ya vilima, nami nikapanda kutoka kijitoni hadi garini huku nikimsema moyoni.

Mume wangu ni mtu wa Nyeri, na kama kuna ugonjwa aliotoka nao huko, ni huu wa kuvua trauti, samaki wa maji baridi. Kila Januari, samaki hao wa kufugwa wanapomwagwa na serikali kwenye vijito vya baridi, anaendesha gari kwa saa tatu kutoka nyumbani kwetu Carrollton hadi ng'ambo ya mpaka wa Oklahoma, anavaa suruali ya mpira inayofika kifuani, kisha anasimama ndani ya maji ya kugandisha mifupa. Akimpata samaki, anamwachilia. Mimi ni Mkipsigis. Kwetu anayekwenda kutafuta chakula hurudi nacho. Lakini ndoa ni kuvumiliana, na Jumapili hiyo ya mwaka 2004 sote wawili hatukuwa kazini.

Simu ilikuwa mfukoni mwangu, nimeiwasha makusudi. Mdogo wangu Lydiah anakaa Houston, ni nesi kama mimi, na baridi ikiingia tu, anakabwa. Anaweza kuwa anacheka vizuri, mara koo linafunga na shavu linavutwa upande mmoja. Madaktari wameshusha kamera hadi tumboni na hawakuona chochote, ila kovu dogo jeupe ndani ya mdomo. Mwaka uliotangulia, jirani alimkuta sakafuni, midomo imekuwa ya buluu. Wazazi wetu wametangulia. Nimebaki na Lydiah peke yake, na niliogopa kwamba safari nyingine hakuna atakayemuwahi.

Niliporudi na chai, Kariuki alikuwa amebadilisha chambo. Wavuvi wa aina yake hawatumii mnyoo. Wanatumia nzi wa bandia, ndoana ndogo iliyovikwa manyoya na uzi ili samaki adhani ni mdudu. Alinipa kipakiti nimshikie. Alisema amekipata mjini Richardson, kwenye duka la mzee mmoja, chini kabisa ya droo. Walikuwa nzi wawili. Mmoja alikuwa tayari majini.

"Cheki huyo mwingine," alisema. "Made in Kenya. Pengine ni wewe ulimfunga."

Alikuwa ananitania. Ni kweli kwamba kabla ya uuguzi nilifunga nzi Kericho, kwenye karakana iliyouza ng'ambo. Nilimgeuza yule nzi kwenye mwanga uliobaki. Mwili mweusi wenye wekundu wa mbali. Na shingoni, chini ya tundu la ndoana, mizunguko miwili ya uzi mwekundu.

Hiyo ilikuwa alama yangu.

Nikakaa juu ya jiwe.

Mama alikufa mwaka 1995, mwezi ambao karakana ilikuwa na shehena kubwa ya kupeleka ng'ambo. Sisi mabinti wake wawili tulinyolewa, kama ilivyo desturi ya nyumbani. Nywele za matanga hazitupwi ovyo. Huzikwa kando ya maji, kimya kimya, ili asizipate mtu wa kuzifanyia ubaya, na ili marehemu apokee haki yake aende. Kazi hiyo nilipewa mimi kwa kuwa ndimi mkubwa. Zangu nilizizika. Za Lydiah zilikuwa laini, nyeusi zenye wekundu kidogo... na pale karakanani manyoya ya rangi hiyo yalikuwa yameisha. Msimamizi alisema asiyemaliza sehemu yake asirudi Jumatatu.

Nilifunga nzi kumi na wawili kwa nywele za mdogo wangu. Msimamizi aliwasifu. Lydiah aliponiuliza, nilimwambia nimezika.

Sasa nilikuwa nimekaa pale, na yote yalikuja kwa mpigo. Baridi. Samaki. Shavu linalovutwa upande mmoja.

Simu ikalia.

"Dada..." Ilikuwa sauti ya Lydiah, lakini ya chini sana. "Dada, kimekuja. Kiko kwa mdomo. Kinanivuta."

Na papo hapo, kijitoni, Kariuki akasema kwa furaha, "Nimempata."

Ufito wake wa kuvulia ulipinda. Mshipi ukakazika, ukalia juu ya maji. Simuni nikasikia kitu kikianguka na kuvunjika, halafu mkoromo.

"Legeza," nikamwambia Kariuki. "Legeza mshipi, tafadhali."

"Jep, huyu ni mkubwa..."

"Legeza!"

Akalegeza. Lydiah akavuta pumzi moja ndefu. Basi nilijua anavutwa yeye kwa nywele zake, na nilitamani nisijue. Lakini samaki, alipoona amepewa nafasi, aligeuka akakimbilia shimo lenye kina chini ya mwamba, na mshipi ukaenda naye. Simuni sikusikia tena mkoromo.

Nilisikia maji.

Maji yalikuwa yakibubujika ndani ya simu, kutoka ghorofa ya tatu ya nyumba ya Houston.

Tungemvuta samaki, Lydiah angekabwa. Tungemwacha, angezama. Niliiweka simu juu ya jiwe, nikaingia kijitoni na viatu vyangu vya kanisani. Maji yalinifika magotini, kisha mapajani, na baridi yake ilikuwa kali kama kisu. Kariuki alikuwa ananiita. Nilishika mshipi kwa mkono na kuufuata, polepole, bila kuuvuta.

Hapo ndipo niliposikia harufu ya nyumbani.

Moshi wa kuni. Mkaa uliosagwa. Maziwa ya mursik yaliyolala kwenye kibuyu.

Sikutaka kuinua macho, lakini niliinua. Ng'ambo, kwenye kivuli cha mwamba, mwanamke alikuwa amesimama ndani ya maji. Maji yalipita bila kumzunguka. Alivaa sweta ya kijani, na mimi ndiye niliyemfunga vifungo vya sweta ile, katika chumba cha maiti, Kericho.

Alikuwa amekinga viganja, kama mtu anayengoja kumiminiwa kitu.



Mkono wangu ukagusa samaki. Alikuwa ametulia, ananisubiri, na alikuwa na joto. Nimevua samaki wachache maishani, lakini najua hawana joto. Nilimwinua kidogo. Nzi wangu alikuwa amekita kwenye pembe ya mdomo wake, upande wa kushoto, mahali penyewe penye kovu la Lydiah. Nilisukuma ndoana nyuma kama nilivyofundishwa. Ikatoka. Samaki akateleza, akaenda zake.

Nilirudi ufukoni kwa magoti. Nilichimba kwa kucha mpaka zikatoka damu, nikawazika nzi wote wawili, yule wa majini na yule wa kipakiti, na nikamwomba mama msamaha kwa sauti, kwa lugha yake. Nilipogeuka, pale mwambani palikuwa na giza tu.

Kariuki alinivika koti lake. Hakuwa ameona mtu yeyote. Akaniuliza taratibu, "Jep... nani amemwaga maziwa hapa?"

Simu ilikuwa bado imewaka juu ya jiwe. Niliishika kwa mikono miwili.

"Lydiah?"

Kikohozi kilinijibu. Halafu kilio. Nilimshukuru Mungu mpaka machozi yakanitoka. Alisema ametapika maji, maji baridi sana, na ndani yake mlikuwa na mchanga. Alisema sasa koo limefunguka, anapumua. Nikamwambia alale, kesho nitapanda basi nimfuate.

"Dada, nikuulize kitu. Zile nywele zangu za matanga... ulizizika kweli?"

Kariuki alikuwa amesimama karibu yangu, anasikia kila neno. Ningeweza kusema pale pale. Lakini miaka tisa ya uongo ni mizito kuitua kwa pumzi moja, na wawili kati ya wale nzi kumi na wawili nilikuwa nimewazika dakika hiyo.

"Nilizizika," nikasema.

Nilimsikia akipumua, na nyuma ya pumzi yake nilisikia tone la maji likidondoka sakafuni. Halafu jingine.

"Kama ulizizika," akanong'ona, "mbona mama amesimama hapa mlangoni, amekinga mikono?"

Nzi kumi wengine sijui wako wapi. Mzee wa duka aliniambia amekuwa akiwauza mmoja mmoja kwa miaka, kwa watu wa kila jimbo, na hakumbuki majina. Lydiah bado yuko hai. Leo ni tarehe ishirini na nane Desemba, na redio imesema wiki ijayo samaki watamwagwa.