Tarehe ya Kusomwa

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa viatu, Fundi Mdogo aliazima simu ya mama na kufungua ukurasa uleule wa tovuti ya idara ya maji. Hapo palikuwa na makala ya kusafisha matangi, aliyoiandika baba yake, fundi wa pampu, wiki tatu kabla ya kufariki. Baba ndiye aliyempa binti jina hilo la utani, kwa jinsi alivyokuwa habanduki kwenye sanduku la spana.

Mwalimu alipotaka insha kuhusu maji safi, iliyo bora ibandikwe maktaba, binti alichukua aya tatu nzima za baba na kuziunganisha na zake. Hakutaja zilikotoka. Siku ya tatu akaitwa mbele. Mwalimu alikwisha kuziona mtandaoni, akamrudishia insha imepigwa mstari mwekundu.

"Kumbe ufundi wenyewe ni wa kunakili," jirani yake wa dawati akamnong'oneza.

Nyumbani alimsimulia mama. "Si za mtu baki, mama. Ni za baba."

Mama aliacha kukunja nguo. "Spana zake umerithi, maneno yake hukurithi. Insha ile ingebandikwa, watu wangesoma maneno ya mume wangu chini ya jina lako. Yeye angekuwa wapi?"

Binti aliitazama tena insha yenye mstari mwekundu. Alikuwa amemfuta baba kwa mkono wake mwenyewe.

Kesho yake alimwomba mwalimu radhi. Aliruhusiwa kuandika upya, ingawa nafasi ya kwanza ilikwisha kwenda kwa mwingine. Jioni, mama akiwa kando yake, aliyafunga maneno ya baba ndani ya alama za kunukuu. Mwishoni akaandika jina la mwandishi, mwaka, kichwa cha makala, jina la tovuti na anwani yake. Ikabaki tarehe ya kusomwa, yaani siku aliyoufungua ukurasa ule. Kalamu ikasita.

"Niandike ipi, mama? Naisoma kila siku."

Mama alitazama pembeni kidogo. "Andika ya leo."

Mwalimu aliisoma insha ile darasani hadi mstari wa mwisho. Tangu siku ya mazishi, binti hakuwa amelisikia jina kamili la baba likitamkwa mbele za watu. Jirani yake wa dawati aliinamisha kichwa.

"Ukitaja chanzo," mwalimu alisema, "unamwambia msomaji nani alifikiri kabla yako, na atampata wapi." Akaikunja karatasi taratibu. "Huyu tumempata."