Kipa Aliyeshonewa Kaniki

Zahor ni mtoto wa ami yake mume wangu, na sebule nitakayoitaja nimekaa mwenyewe, nimenywa kahawa yake. Anayetaka kuniita muongo basi anisubiri nimalize, halafu aende Hamriya, hapa Maskati, akatazame.

Ilikuwa Alkhamisi, mwaka wa tisini na tisa. Zahor alioga mapema, akavaa dishdasha iliyopigwa pasi, akajipaka uturi mpaka nyuma ya masikio. Ungemuona ungesema anakwenda kuoa. Kumbe anakwenda Ruwi, kwenye ukumbi wa hoteli, wanakokutana wakusanyaji wa vitu vya kale. Wanaume wazima na ndevu zao, kutwa nzima wanagombania vikaratasi vyenye picha za wachezaji mpira!

Vikaratasi vyenyewe vilikuwa vikitoka ndani ya pakti za sigara, Unguja, zama za wazee wetu. Kila timu kadi kumi na moja. Zahor alikuwa na kumi za timu moja, kazitia kwenye albamu yenye mifuko ya nailoni, na ya kumi na moja, ya kipa, alikuwa akiitafuta tokea hajaoa. Mifuko kumi ilijaa, mmoja ulikuwa mtupu, na ule mtupu ndio aliokuwa akiutazama.

Mkewe, Kheiria, alikuwa sebuleni anakata kanga. Tumbo lilikuwa limefika mbali. Walikaa miaka na miaka bila ya mtoto, watu wakasema waliyoyasema, na sasa Mungu kawapa wawili kwa mpigo. Picha ya hospitali ilionesha vichwa viwili vimegusana. Kheiria alikuwa akiigawa kanga moja ya zamani ya mamake, ya pindo la korosho, kila mtoto apate kipande chake.

"Ukirudi na makaratasi mengine, watoto wako utawalaza wapi?" alimtania.

"Nnakwenda kutafuta moja tu, mke wangu. Moja tu na nnaacha."

"Hiyo moja tu naijua mie," Kheiria akasema, akaendelea kukata.

Ukumbini, meza ya pembeni kabisa, alikaa bibi mmoja wa Qurayyat akiitwa Masouda, kapanga madele ya kahawa na vikuku vya fedha vyeusi kwa kutu. Mbele yake alisimama Marhoon. Huyu Marhoon naye ni mkusanyaji, na yeye na Zahor walikuwa hawapikiki chungu kimoja. Mkononi mwa Marhoon palikuwa na kadi ile ile ya kipa.

Ilikuwa imeshonewa kaniki pembe zote, uso tu uko nje. Kitambaa kile cheusi kilikuwa kigumu kwa udongo mkavu. Pichani kijana mrefu, mwembamba, amekumbatia mpira kifuani kwa mikono miwili, na macho yake hayatazami kamera. Yanatazama pembeni, kama anayesikia mtu anakuja.

Kila mzee wa Unguja alimjua kipa huyo, Bakhit. Msimu mzima haukumpita mpira hata mmoja. Watu walisema timu yake ina watu wa ufundi wa uganga, wameichukua kadi yake, wakaishonea kaniki, wakaizika golini iwe fingo, kinga ya goli. Wacheni waseme. Lakini mechi ya mwisho Bakhit aliudaka mpira, akaukumbatia, akaanguka nao, hakuinuka. Mikono haikukunjuka. Alioshwa na mpira wake kifuani.

"Nimeshakubaliana na bibi," Marhoon alisema alipomuona Zahor. "Nnakwenda garini kuchukua pesa."

"Nenda," Zahor akasema.

Marhoon hakufika hata mlangoni. Zahor aliivua pete ya fedha ya marehemu babake, akaiweka juu ya meza, na kadi akaifumbata. Marhoon aligeuka akaona. Alirudi mbio, akamshika mkono, wakavutana pale mbele ya watu kama watoto wa chuo cha Kurani, na huku bibi Masouda anamwambia Zahor maneno, taratibu, kidole juu. Zahor hakusikia hata moja. Alikuwa kashughulika kuutoa mkono wake.

"Haramu," Marhoon akamwambia sikioni. "Ikufike."

"Ijumaa kwangu, baada ya sala," Zahor akamjibu. "Njoo ule halwa."

Hapa lazima niwaeleze. Wakusanyaji wana desturi yao. Mtu akitimiza timu, huwaalika wenzake, hupika kahawa, huyasoma majina kwa sauti, na kadi ya mwisho huitia mfukoni mwa albamu akaiambia neno. Na aliyeikosa kadi hiyo lazima aalikwe, akae, ameze mate. Ndio uungwana wao huo.

Ijumaa ikafika. Wengine wote walikataa mwaliko, maana habari ya ukumbini ilishaenea. Alikuja Marhoon peke yake, kanuna, halwa hakuigusa.

Zahor alikuwa ameshaifumua kaniki kwa wembe, uzi baada ya uzi, kwa sababu hakutaka uchafu ndani ya albamu yake. Udongo aliukung'uta juu ya busati. Akasoma majina kumi. Kheiria aliingia na dele la kahawa, akasimama karibu na mumewe, tumbo linagusana na albamu. Zahor akaitelezesha kadi mfukoni, macho yake kayakaza kwa Marhoon.

"Bakhit, umefika kwako," akasema. "Simama mlangoni. Kilichomo humu ndani hakitoki."

Chetezo cha udi kilikuwa dirishani, na moshi ulikuwa ukitoka nje vizuri. Ukasita. Ukajikunja, ukarudi ndani.

Marhoon akainuka. "Nimeshaona. Kwaheri." Akavaa viatu, akaufungua mlango, akapiga hatua. Akarudi nyuma.

Akajaribu tena. Akarudi tena, safari hii ameshika kifua.

"Nani kasimama hapa?" akauliza kwa sauti ndogo.

Mlango ulikuwa wazi. Ngazi ilionekana, jua la mchana limeipiga, baiskeli ya jirani imeegemezwa ukutani. Hapakuwa na mtu.

Zahor alicheka. "Toka, bwana! Au unataka kuniibia kadi?" Akaenda mwenyewe. Akagonga kitu. Hakikuwa ukuta, jamani. Kilikuwa na joto. Kilikuwa kinapumua, na kinanuka jasho na udongo uliorowa mvua. Tangu lini Maskati kukanuka mvua mwezi wa sita?

Akaokota kiatu, akakitupa nje. Pakasikika mlio kwenye uwazi wa mlango, paa, kama kiganja. Kiatu kikarudi miguuni pake.

Wakakimbilia dirishani. Chini, fundi cherehani Mhindi alikuwa amekaa nje ya duka lake anakunywa chai. Walimwita mpaka sauti zikakauka. Hakuinua kichwa. Wakapiga simu hospitali. Mtu akapokea, wakamsikia wazi kabisa. "Aiwa? Aiwa? Nani?" Wao wanapiga kelele, yeye anauliza nani. Akakata.

"Zahor," Kheiria akaita kutoka chumbani, alikokwenda kujilaza. "Maji yamemwagika."

Alikuwa amekaa chini, mgongo kaegemeza kitanda, nguo imerowa. Siku zake zilikuwa hazijafika. Zahor alimbeba mpaka mlangoni, akamgeuza ubavu, akajipenyeza, akasukuma kwa bega. Wakarudishwa. Walirudishwa taratibu, bila ya kuumizwa, na hilo ndilo lililomtisha zaidi. Akamlaza kwenye busati.

Uchungu ulikuja, ukapita, ukaja. Kheiria hakupiga kelele. Alimvuta mumewe shingo, akamnong'oneza.

"Wanashuka."

"Alhamdulillahi. Sukuma, mke wangu."

"Wanashuka, halafu wanarudishwa." Midomo yake ilikuwa mikavu. "Zahor, kuna mikono."

Zahor akaivamia albamu. Kipa yuko pale pale mfukoni mwake. Mpira haupo. Mikono ameitanua, vidole wazi, magoti ameyakunja. Na macho sasa yanatazama mbele.

Marhoon alikuwa amesimama ukutani, jasho linamtoka. "Yule bibi alikwambia," akasema.

"Kaniambia nini?"

"Usiitoe kwenye kaniki. Na ukiiweka, uiweke kimya. Alisema hii huambiwa neno moja tu, na neno hilo hulishika."

Zahor alimtazama. "Wewe ulisikia?"

"Nilisikia."

"Ukaja hapa, ukakaa, ukanitazama nnasema. Ukanyamaza?"

"Uliniibia mbele ya watu," Marhoon akasema. "Nilitaka ikufike."

"Na huyu? Huyu kakukosea nini?"

Marhoon alimtazama Kheiria pale chini. Akaona kucha zake zimekwama kwenye busati. Akauinamisha uso, na nawaambieni, tokea siku ile mtu yule hajapata kuuinua sawasawa.

"Sikujua kama itakuwa hivi," akasema. "Wallahi sikujua. Sikiliza. Babangu alikuwepo siku aliyokufa Bakhit. Bakhit hakutoka golini mpaka alipopata kitu akakikumbatia. Mpe kitu, Zahor. Mpe kitu akumbatie, atatoka."

"Kitu gani?"

"Albamu. Itaje. Sema, chukua albamu yangu, utupishe."

Kheiria akalia. Mara moja tu, kidogo, kama mtu aliyejigonga usingizini.

Sasa hapa ndipo ninapomkasirikia Zahor, na nitamkasirikia mpaka kaburini. Albamu alikuwa nayo kifuani. Ameikumbatia kwa mikono miwili. Mke wake yuko chini, watoto wake wawili wanakufa ndani ya tumbo, na kuitaja albamu huyu mdudu wa makaratasi hakuweza! Alizikumbuka zile kadi kumi, moja moja, alipoipata kila moja. Alifungua mdomo, neno halikutoka. Akafungua tena.

"Chukua chochote," akasema. "Chochote unachotaka. Tupishe tu."

Marhoon alimpiga kofi. "Umesema nini? Umesema nini wewe?"

Lakini lilikuwa limeshasemwa.

Kitu kiliwapita. Kilitoka mlangoni, kikavuka busati, kikasita alipolala Kheiria. Udongo uliokung'utwa ulibonyea, nyayo mbili, za miguu mitupu. Kisha moshi wote wa udi ukatoka dirishani kwa mara moja, na chini fundi cherehani akainua kichwa, akauliza nani anaita.

Walimbeba Kheiria wawili wao, mtu na hasimu yake, mpaka garini. Marhoon aliendesha.

Hospitali hawakuchelewa. Mtoto wa kiume alizaliwa kabla ya magharibi, mzima, analia kwa nguvu. Wakunga wakangoja. Daktari alilibonyeza tumbo, akangoja, akabonyeza tena. Akaagiza mashine. Alikuwa na ile picha ya zamani mkononi, vichwa viwili vimegusana, akaitazama, akamtazama mama, akaitazama. Akamuita mwenziwe. Wakasemezana kwa Kiingereza pembeni, na yule wa pili akatoka chumbani bila ya kuaga.

"Mwenziwe yuko wapi?" Kheiria akauliza.

Hakujibiwa siku ile, na hajajibiwa mpaka leo. Damu haikutoka zaidi ya kawaida. Kondo lilikuwa moja.

Mtoto wakamwita Loai. Kheiria aliporudi nyumbani, jambo la kwanza alifungua saraka ya kabati kutoa vile vipande viwili vya kanga. Kilikuwemo kipande kimoja. Alitoa nguo zote, akaipindua saraka juu chini. Kimoja tu.

Albamu ilikuwa bado sebuleni juu ya busati, pale ilipoanguka. Zahor alikuwa hajaisogelea. Sasa aliiokota, kiberiti mkononi, akaifungua mara ya mwisho. Akakaa chini.

Kipa amerudi kusimama kama zamani, mikono miwili kifuani. Amekumbatia. Lakini anachokikumbatia si cha mviringo. Ni kirefu kidogo, kimefungwa ndani ya kitambaa, na picha ni ya zamani, haina rangi, lakini pindo la kitambaa linaonekana wazi. Ni la korosho.

Kheiria alisimama nyuma yake na Loai begani. Alitazama kwa muda mrefu. Hakulia. Alikichukua kiberiti mkononi mwa mumewe, akakitia mfukoni mwake.

"Usiichome," akasema. "Wala usiifunge. Atakosa hewa."

Basi haikufungwa. Iko juu ya kabati la sebuleni, wazi, ukurasa ule ule, na Kheiria huipangusa vumbi kila asubuhi kwa kitambaa laini. Zahor hakusanyi tena kitu. Marhoon aliambiwa aichukue bure. Alikataa na macho yamemtoka. Bibi Masouda walimtafuta Qurayyat nzima, wakamkuta, akairudisha pete bila ya kuulizwa, akafunga mlango.

Mie nilikwenda kuwaamkia sikukuu ya mwaka jana. Loai ametimia miaka sita, kidume, anakimbia nyumba nzima na miguu mitupu. Nilisubiri Kheiria aende jikoni, nikasimama mbele ya kabati, nikachungulia.

Kitambaa hakimtoshi tena. Kimemfika magotini. Miguu imetoka, inaning'inia pembeni mwa mkono wa kipa, na ni sawasawa na ya Loai, mpaka jeraha la kisigino alilolipata wiki ile.