Hodi ya Watu Wawili

Kila asubuhi saa tatu, kichapuzi cha Itigi, mashine ya kukimbiza chembe, kilianza kutupa vishada. Kilikuwa bomba la duara, mzunguko wa kilometa nzima, lililofukiwa chini ya ardhi ngumu ya Singida, na ndani yake hamkuwa na hewa ya kumtosha hata sisimizi. Vichapuzi vya zamani vilikimbiza ioni moja moja, yaani atomu iliyonyang'anywa elektroni. Hiki kilikimbiza vishada vya atomu sitini hadi mia zilizoshikamana. Mtu akikurushia punje ya mahindi utacheka. Akikurushia gunzi zima na punje zake utatafuta plasta. Lakini kishada ni kizito na kivivu, hivyo sumaku za Itigi zilijifunza subira: kila kilipopita zilikisukuma kidogo, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka kikaenda kwa kasi ya kutisha. Kilipogonga utando wa plastiki, atomu zote zilitua pamoja na kutoboa tundu lisiloonekana kwa macho. Utando huo ndio uliochuja floridi, madini yanayotia meno madoa na kupinda mifupa, katika maji ya visima vya kanda ya kati. Watoto waliozaliwa baada yake walikuwa na meno meupe na miguu iliyonyooka.

Mhandisi Helena Mughwai aliiongoza mashine hiyo, na kilichompa kiburi zaidi ni Bawabu, akili mnemba aliyoiunda mwenyewe ili ilinde mlango wa handaki lenye bomba hilo. Mwale, yaani mkondo wa vishada, ukiwaka, mle ndani huwa na mnururisho wa kuua. Hata kamera zilizowekwa humo zilipofuka ndani ya wiki moja. Zamani kila aliyeingia alichukua ufunguo ubaoni, na mwale haukuwaka mpaka funguo zote zirudi. Mafundi wakawa wanaondoka nazo mifukoni, kazi inalala. Helena akaung'oa ubao. Sasa aingiaye alipiga hodi, Bawabu akajibu na kuhesabu mmoja. Atokaye aliaga, Bawabu akapunguza mmoja. Wageni walikuja kutoka mbali kuisifia mashine yenye adabu. Lakini mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Jumanne moja mwale ulizimwa ili sumaku iliyolegea ikazwe. Mzee Kitundu, fundi mkongwe kuliko wote, alitangulia mlangoni. Nyuma yake alikuwepo fundi mwenzake, Yasinta Msengi, amebeba sanduku la vifaa. Mzee akapiga hodi.

“Karibu,” alijibu Bawabu, nao wakaingia.

Baada ya robo saa Mzee alitoka kufuata spana kubwa, akaaga. Katika chumba cha udhibiti, kwenye kioo cha kompyuta ya Helena, yakatokea maneno mawili: Handaki tupu. Akawasha mwale.

Dakika nne baadaye Mzee Kitundu aliingia chumba cha udhibiti, spana mkononi, akauliza kwa nini mlango umejifunga na Yasinta bado yumo. Helena alizima kabla Mzee hajamaliza kusema.

Yasinta alitoka kwa miguu yake mwenyewe. Alisema mdomo wake una ladha ya shaba, akaomba maji, akamtania Mzee kwamba spana hiyo lazima aliifuata Dodoma. Helena alisoma kipimo cha mnururisho kilichokuwa kifuani pa Yasinta. Dawa ya kiasi kile haikuwepo duniani.

Siku ya tatu, hospitalini, Helena alimuuliza kwa nini hakupiga hodi. Yasinta alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anapumua.

“Mzee alikuwa ameshabisha, Helena. Nibishe tena nyuma ya mgongo wake, kwani yeye si mtu?”

Alikufa siku ya kumi na moja.

Helena alijifungia na kumbukumbu za sauti za Bawabu za miaka mitatu mizima, akizilinganisha na daftari la kazi. Watatu waliingia kwa hodi moja. Wanne waliingia kwa hodi moja. Hata siku aliyoingia yeye na mkurugenzi, sauti iliyosikika ilikuwa ya mkurugenzi peke yake. Bahati tu ndiyo iliyowalinda, naye alikuwa akiiita uhandisi. Aliona aibu mpaka akashindwa kula.

Mkurugenzi, Dakta Shamte, alikwisha kuandika taarifa yake. Alimwambia Helena kwamba ajali haina kinga, na kwamba lawama ikimwangukia Bawabu kituo kitafungwa, watoto warudi kwenye maji yale yale. Helena alijua kwamba hilo nalo lilikuwa kweli. Faili lingefungwa mzazi akishatia saini, basi wakaenda watatu, wao na karani, nyumbani kwa Mama Yasinta.

Dakta Shamte akapiga hodi.

“Karibuni,” sauti ilijibu kutoka uani, nyuma ya nyumba, mahali ambapo mwenyewe hakuweza kuwaona.

Helena aliganda kizingitini. Walipokwisha kukaa na kutoa pole, alishindwa kujizuia.

“Mama, ulijuaje kwamba tuko wengi?”

“Sikujua,” alisema Mama Yasinta. “Ndiyo maana nikasema karibuni.”

Dakta Shamte alisoma taarifa kwa sauti ya upole. Alipomaliza, Mama Yasinta aliomba arudie mstari wenye jina la mwanawe. Akaurudia: Yasinta Msengi, kwa uzembe wa mlangoni, ndiye aliyesababisha kifo chake.

“Si kweli, Mama,” alisema Helena. “Mlango ule niliutengeneza mimi. Nami sikumuuliza mtu yeyote kama kuna aliyebaki ndani.”

Mkurugenzi alikohoa na kumwita Helena kwa cheo chake. Mama Yasinta hakumjali. Aliichukua karatasi mkononi mwa mkurugenzi, akamkabidhi Helena.

“Basi isome wewe, mwanangu. Penye jina la Yasinta, weka lako.”

Helena aliutafuta mstari.

“Helena Mughwai,” alisoma, “kwa uzembe wa mlangoni, ndiye aliyesababisha kifo...”

Neno lililofuata kwenye karatasi lilikuwa “chake”. Mama Yasinta alikuwa akingoja.

“Cha Yasinta,” alisema Helena.