Salamu Ndani ya Pijo

Kama una kitu mdomoni, meza kwanza. Haya yalitokea hapa hapa Tabora, mtaa wa Cheyo, na sitaki mtu anitapikie mkekani.

Maua ndiye aliyeanza kuisikia ile harufu. Ilikuwa ya nyama iliyosahauliwa kwenye sufuria, na ilitoka ndani ya gari la mumewe, Pijo kuukuu aliloachiwa na marehemu baba yake, Mzee Idrisa. Alipomwambia mumewe, Nassibu akacheka.

"Mke wangu, hiyo ni mimba tu. Juzi si ulisema hata sabuni inanuka?"

Basi Maua akayaacha. Mimba mbili zilikuwa zimeshamtoka, na hii ya tatu ilikuwa imefika mwezi wa saba. Alikuwa akiibeba kama mtu aliyebeba maji kwenye sahani, hakutaka ugomvi.

Nassibu ndiyo kwanza alikuwa amefunga redio ya setilaiti. Kazi yake ilikuwa kununua asali Goweko, na njiani redio ya kawaida hukatika, inabaki kukoroma. Hii mpya aliyoagiza Dar ilishika mawimbi kutoka angani, uwe mjini au porini. Ila Pijo la zamani lile halikuwa na pa kuweka antena, na bwana mjuaji akaona fundi wa nini. Akabandua mwenyewe kitambaa cha dari ili apitishe waya. Chini yake bati lote lilikuwa na maandishi ya Kiarabu ya zafarani, mstari juu ya mstari, kama yale ya kombe ambayo shehe humwandikia mgonjwa kwenye sahani. Mtoto wa Mzee Idrisa, aliyekunywa kombe tangu utotoni, asiulize! Alimimina petroli kwenye tambara akafuta yote, eti gundi ipate kushika. Jamani!

Redio ikaimba vizuri mno. Kilichomfurahisha zaidi ni kipindi cha salamu. Mtangazaji wake, mwanamke mwenye sauti nzito ya mtu anayeongea na chakula mdomoni, alimtaja kwa jina: "Nassibu wa Cheyo, salamu zako ziende kwa nani?"

"Ziende kwa Masolwa wa Goweko, mrina asali wangu!" Nassibu akapaza sauti, peke yake barabarani. Hakupiga simu, hakutuma ujumbe, wala hakujiuliza amesikikaje.

Safari iliyofuata alimkuta Masolwa uani kwake anatapika nywele. Nywele ndefu, zenye utelezi, zilimtoka kooni bila kwisha, mkewe akizivuta kwa mikono miwili huku analia. Ijumaa wakamzika. Nassibu alirudi nyumbani akasema ni ugonjwa wa tumbo.

Kisha ikaja siku ya kliniki. Nassibu aliegesha gari sokoni mchana kweupe, akazima kila kitu, akaenda kununua maji. Maua alibaki kwenye kiti cha mbele na kanga puani, na hapo akasikia mtu anatafuna. Alitazama nyuma, hapakuwa na mtu, akaitazama redio, imezimwa, lakini kule kutafuna kukaendelea, kwa mate mengi, na gegedu likipasuka, hadi spika ya mlangoni kando ya goti lake ikaanza kutoa ute mnene wa rangi ya asali, wenye nywele ndani yake, ukateremka polepole mpaka kwenye kiatu chake, nao ulikuwa wa vuguvugu, na kutoka ndani ya spika ile kitu kikacheua na kusema kwa upole, "Maua, mbona huniitikii?"

Alitoka bila kiatu. Hakwenda kliniki, alikwenda moja kwa moja kwa Mzee Mfaume, mganga aliyekuwa rafiki wa baba mkwe wake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona huna kiatu?"

Alipomweleza, mzee alishika kichwa. "Maandishi yale niliyaandika mimi. Ile njia ya zamani ya misafara, wapagazi wenye ndui walikuwa wakitupwa porini wangali hai. Kuna jini lilinenepa kwa kula mizoga yao. Lilimwomba Idrisa lifti, likakataa kushuka. Nikalifunga mdomo."

Wakaenda wote sokoni kwenye gari, wakamkuta Nassibu anamtafuta mkewe. Mzee aliing'oa redio, akakata nyaya, na kutafuna hakukukoma. Nyuma ya redio, pale penye uwazi, palikuwa na pande la nyama laini linalochezacheza, lenye fizi, lenye meno ya watu, linadondosha mafuta. Nassibu akatapika miguuni pake mwenyewe. Mfaume alichovya kidole kwenye zafarani, akaandika upya dari zima huku anasoma, jasho likimtiririka, mpaka lile pande likalegea na kunyamaza. Akalifunga kwa kitambaa cheupe, akapiga fundo.

"Sasa niambie," alimnong'oneza Nassibu. "Ulilitajia nani?"

"Masolwa."

"Na nani tena?"

Nassibu aliinamisha uso. "Nilisema salamu ziende kwa mwanangu aliye tumboni."

"We mwanaume!" Maua alimzaba kofi. "Mwanangu! Mwanangu alikukosea nini?"

"Ulimpa jina?" mzee akauliza.

"Nilimwita Idrisa, jina la baba."

Mfaume aliweka kile kifurushi chini, akatoka kwenda kunawa mikono, akanawa kwa muda mrefu. Nassibu alimfuata akimsihi.

Maua akabaki peke yake kando ya gari. Kitambaa kilikuwa kimeshalowa, kinanuka uvundo wa kufukuza mbwa. Akaziba mdomo kusubiri kichefuchefu, lakini hakikuja. Mtoto aligeuka tumboni, akapiga teke moja la nguvu. Mate yakamjaa Maua mdomoni, matamu. Akaangalia kama kuna mtu anamwona, akapiga magoti, akaanza kufungua fundo.