Gramafoni ya Matanga ya Oketch

Jumanne moja ya Agosti, mwaka wa sabini na sita, Akoth aliamka, akanywa chai isiyo na sukari kwa sababu sukari Kampala ilishageuka hadithi, akafunga kitambaa cheusi kwenye kichwa chake kilichonyolewa, kisha akatoka kwenda kutafuta gramafoni ya bei nafuu. Jirani yake Halimah, mke wa sajini, alimwona akipita akampa pole. Hakuna aliyeshangaa kuona mjane anatafuta gramafoni. Old Kampala yote ilijua kwamba Wajaluo hawamlilii mtu kimyakimya, na matanga yasiyo na santuri kwao ni kama kumtupa marehemu.

Tatizo ni kwamba marehemu mwenyewe alikuwa juu ya dari, anakohoa.

Oketch, mumewe, alikuwa fundi wa simu. Mwezi Julai, watu wa miwani myeusi, makachero wa serikali, walipoanza kuwazoa Wakenya, wenzake wawili walichukuliwa kazini mchana kweupe na kutiwa kwenye buti la gari. Yeye aliruka dirisha, akafika nyumbani na kiatu kimoja. Akoth akampandisha darini. Halafu akafanya jambo ambalo mimi, niliyesimuliwa na yeye mwenyewe, hadi leo sijui nimsifu au nimgombeze. Alitangaza kwamba mumewe ameuawa. Alinyoa nywele, akagaragara uani mbele ya majirani, akamtuma Ogutu, dereva wa lori aliyejua siri, apeleke habari kwa mama mkwe wake huko Kano, ng'ambo ya mpaka. Alitaka kilio cha kule kiwe cha kweli, kwa kuwa mpakani kulikuwa na masikio mengi. Kwa hiyo hata mama wa watu alidanganywa.

Ogutu alirudi na majibu. Mwili haukupatikana, basi wazee walifanya inavyofanywa kwao: walikata tunda la mti wa yago, lile refu zito, wakalipa jina la Oketch, wakalizika, wakalia siku nne.

"Ijumaa ya wiki ijayo napita na lori la kahawa," Ogutu alinong'ona. "Nitamficha katikati ya magunia."

Ikabaki kungoja tu. Lakini vumbi la dari lilimshika Oketch kifua, na ukuta kati yao na sajini ulikuwa wa mbao. Akoth alihitaji kelele isiyokatika. Redio haikufaa, maana msomaji wa habari akipumua tu, kikohozi kinapenya. Ndani ya nyumba mlikuwa na sanduku la santuri kuukuu lililoachwa na Wahindi waliofukuzwa, pamoja na chache za Oketch mwenyewe. Kilichokosekana ni cha kuzipigia.

Fundi Augustin alikuwa na kibanda nyuma ya duka la vitambaa, duka alilogawiwa kapteni mmoja asiyejua pima ni nini. Kwanza alimwonyesha radiogramu, kabati la mbao lenye redio na gramafoni pamoja, la shilingi elfu mbili. Akoth alicheka tu. Akamwonyesha ya sanduku, ya betri, mia nne. Akoth aliubonyeza mkono wa sindano kwa kidole.

"Mkono huu mzito. Si utakwangua santuri?"

"Kweli, mama. Huyu inakula santuri. Tena inapiga moja tu, halafu unasimama, unageuza."

Kusimama kila baada ya dakika tatu hakukumfaa. Akachungulia chini ya gunia, akaiona ya tatu. Ilikuwa ya umeme, spika yake ndani, na katikati ya sahani kulikuwa na mti mrefu wa chuma. Unapanga santuri sita juu; moja inaanguka, inapigwa, mkono unarudi wenyewe, nyingine inaanguka. Sindano mpya, mkono mwepesi, kasi zote tatu. Shilingi mia moja na hamsini.

"Mbona rahisi hivi?"

Augustin alikitazama kitambaa cheusi. "Hii siuzi kwako, mama. Hii ni ya nyumba ya harusi, watu wacheze dansi. Nyumba ya msiba, hapana. Wawili walinunua, wawili walirudisha."

"Kwa nini?"

"Inashika matanga." Alishusha sauti. "Nyimbo inatoka juu, kilio inatoka chini."

Akoth nusura acheke. Msiba gani? Maiti wake jana usiku alikula ugali akalalamika chumvi imezidi. Onyo la fundi lilikuwa la wenye wafu, na yeye hakuwa na mfu. Alimbembeleza, akamlilia kidogo, machozi siku hizo alikuwa nayo karibu, mpaka Augustin akapokea pesa huku akitazama pembeni.

Siku tatu mambo yalikwenda vizuri. Santuri zilianguka moja moja, Oketch akakohoa anavyotaka, na Halimah akasema kupitia ukutani kwamba nyimbo za Kihindi zinamkumbusha ujana. Akoth alianza hata kulala.

Jumamosi alasiri, chini ya sauti ya mwimbaji wa Kihindi, alisikia jembe.

Chak. Chak. Akadhani ni mikwaruzo. Aliipangusa santuri kwa kitambaa laini, akairudisha. Chak. Akaweka rumba badala yake. Jembe halikuanza upya. Liliendelea pale lilipokuwa limefika, na sasa lilikuwa linachimba mahali penye kina. Baadaye wanawake wakaanza kulia, kwa mbali, kwa Kijaluo. Kisha sauti moja ikasogea mbele ya nyingine.

Dari likagongwa mara mbili. Ndiyo ilikuwa ishara yao. Akoth akapanda juu ya meza, akasogeza ubao.

"Umemsikia mama?" Oketch aliuliza.

"Sijasikia kitu."

"Akoth. Ananiuliza mbona nachelewa." Macho yake yalikuwa makubwa gizani. "Ulimwambia nini mama yangu?"

Akamweleza yote, hadi lile tunda. Habari hiyo alikuwa amemficha muda wote huo.

"Mlinizika," Oketch akasema.

"Nilikuwa nakuokoa."

"Mlinizika kwa jina langu." Hakuwa na hasira, na hilo lilimuumiza Akoth zaidi. Wote wawili walijua kwao inasemwaje: aliyezikwa kwa jina, wakimwita waliomlilia, asiitike. Asiitike kabisa, mpaka mama yake alifukue tunda kwa mkono wake. Na mama yake alikuwa Kano, na mpaka ulikuwa umefungwa kwa wote ila malori ya mizigo.

Akoth alishuka mbio, akainua sindano. Kimya. Pumzi tatu, nne. Halafu juu kikaanza kikohozi, kirefu, kizito, cha kiume.

Ukuta ukagongwa. "Akoth! Nani iko nakohoa huko?"

"Mimi, mama. Kifua."

"Pole. Lakini sajini naamka, nauliza."

Akairudisha sindano chini.

Hapo ndipo alipouona mtego, na alikuwa ameununua mwenyewe. Akizima, sajini atamsikia mumewe. Akiwasha, mama ataendelea kumwita. Nyumba ilikuwa na mlango mmoja, na mbele ya mlango huo Halimah alipika kutwa nzima. Akoth alijichukia. Alimchukia na Oketch kwa kukohoa, kisha akajichukia tena kwa kumchukia.

Jumatatu kikohozi kilipungua. Jumanne kikakoma. Alipaswa kufurahi. Lakini sahani ya chakula ilirudi kama ilivyopanda, na mikono ya Oketch ilikuwa baridi. Alilala chali, amenyooka, mikono ubavuni. Akoth hakuwa amemfundisha alale hivyo. Alimtia pamba masikioni.

"Pamba haisaidii," Oketch alisema. "Haiingii kwa masikio."

"Usiitike. Niapie."

"Amechoka, Akoth. Amesimama siku nyingi."

"Ijumaa Ogutu anakuja. Siku tatu tu. Niapie!"

Akaapa. Na Akoth, kwa kuwa kikohozi hakikuwapo tena, akaizima gramafoni. Jioni hiyo hiyo Halimah alikuja mlangoni.

"Mbona kimya leo? Sajini nauliza, mjane amepata mwanaume mwingine?" Alicheka, lakini macho yake yalizunguka chumba, yakapanda juu, yakashuka. Alipoondoka, Akoth akapanga santuri sita.

Alhamisi, saa tisa alasiri, waliingia wanaume watatu. Mmoja alikuwa na shati la maua na miwani myeusi. Hawakubisha. Santuri ya nne ilikuwa inazunguka.

"Bwana yako iko wapi?"

"Alikufa, afande. Mtaa wote ulisikia kilio."

"Maiti iko wapi?"

"Alizikwa kwao."

"Nani aliona?"

Yule wa miwani aliinua uso, akatazama dari. Akatazama meza iliyokuwa chini yake. Akatazama alama za miguu juu ya meza.

Umeme ukakatika.

Redio ya Halimah ilinyamaza ng'ambo ya ukuta. Wimbo ulizama, ukawa mnene, ukafa. Sahani ikasimama.

Jembe halikusimama.

Wale watu waligeuka wakaitazama gramafoni. "Hii ina betri?" mmoja alinong'ona. Jembe lilipiga mara tatu, likawekwa chini. Halafu mama akazungumza, taratibu, kwa upole, jinsi unavyomwita mtoto aje kula.

"Oketch, mwanangu. Njoo sasa."

Akoth aling'ata mdomo hadi damu ikatoka. Usiitike, alimwomba moyoni. Usiitike. Usiitike.

"Nakuja, Mama."

Ilikuwa sauti safi, isiyo na kikohozi. Ilitoka juu yao, na wote wanne waliisikia.

Bastola ikachomolewa. Askari mmoja akapanda mezani, akasukuma ubao, akajivuta ndani. Akoth alifumba macho akangoja mlio wa risasi. Alisikia magoti yakitambaa kutoka ukuta hadi ukuta. Yakasimama. Yakarudi upesi kuliko yalivyokwenda.

Askari alishuka. Mikono yake ilikuwa na tope mpaka viwikoni.

"Hakuna mutu, afande." Alijifuta kwenye pazia, akajifuta tena. "Lakini mama, nani iko nalima huku juu?"

Waliondoka bila kuchukua kitu. Enzi zile, watu wale waliobeba hata vijiko, waliacha gramafoni mezani na mlango wazi.

Akoth alipanda. Hakulia. Alikuwa amekwisha kumlilia mwezi mzima, na sasa kilio hakikutoka. Pale alipolala mumewe palikuwa na lundo la udongo, refu kadiri ya mtu. Udongo wa Kampala ni mwekundu. Huu ulikuwa mweusi, mbichi, ule wa Kano unaong'ang'ania miguu wakati wa masika. Alifukua upande wa miguuni kwa kucha zake hadi akafika kwenye mbao. Alipata blanketi tu, limekunjwa vizuri.

Upande wa kichwani udongo ulikuwa umelainishwa kwa viganja, kama wanavyomaliza kaburi nyumbani. Aliweka mkono wake juu ya alama moja. Kilikuwa kiganja kidogo cha kike, na hakikuwa na kidole cha mwisho. Mama mkwe wake alikatwa kidole hicho na panga la miwa, mwaka aliomzaa Oketch.